Ndara za Mlango wa Jikoni

Tindo lilipogonga ukuta mara ya kwanza, mama mkwe aliweka kikombe mezani na kufumba macho, kama mtu anayechomwa sindano na hataki kumpa daktari raha ya kuuona uso wake.

"Polepole, fundi," alisema. "Hilo si banda la kuku."

"Polepole yenyewe ndiyo hii, Mama." Fundi wa umeme hakugeuka. "Ukuta mnene kama shingo ya fahali! Waliojenga walikuwa wanaogopa nini?"

"Mafundi."

Fundi alicheka mpaka tindo likateleza. Mkamwana naye alicheka, kisha akajizuia, kwa sababu hakuwa na hakika kama ule ulikuwa mzaha. Alikuwa amesimama na ufagio na karai, akizoa vumbi kabla halijatua kwenye viti. Mtaani walishaanza kumwita Dobi hata kabla mashine ya kufulia haijafika, na jina lilimkaa vizuri. Aliwahi kuitwa mke wa fulani na mama wa fulani. Hili lilikuwa jina la kwanza alilopewa kwa kazi yake mwenyewe.

Vumbi halikuwa la saruji. Lilikuwa jeupe na laini, vumbi la chokaa, na lilinuka unyevu uliofungiwa miaka mingi. Chini ya lipu mawe yalipangwa bila mstari, kila moja na umbo lake, na pale fundi alipotaka kupitisha mtaro ulionyooka, mawe yalimlazimisha kupinda. Nyumba ilikuwa na soketi moja tu, nyuma ya kabati la sebuleni. Kutoka hapo waya mrefu ulitambaa chini ya mlango, ukakata ukumbi, ukaishia jikoni. Kwa pasi ulitosha. Kwa mashine ya kufulia, fundi alisema, ungeyeyuka kama mshumaa. Kwa hiyo zilihitajika soketi mpya: mbili ukumbini kwa ajili ya pasi, mbili jikoni, zote zimefukiwa ndani ya ukuta.

Ukuta ulikuwa wa mama mkwe. Hilo halikuwahi kusemwa, kwa kuwa halikuhitaji kusemwa. Marehemu mumewe ndiye aliyeipiga lipu nyumba nzima kwa mikono yake, na hata picha walitundika kwenye misumari aliyoiacha yeye, si pengine. Mwanawe, karani wa ghala, alimbembeleza wiki nyingi. Mwishowe alikubali kwa maneno machache: "Toboeni. Mimi nitakufa, nyie mtabaki na matundu yenu."

Mtaro ulipofika jikoni, fundi alichuchumaa chini ya sinki na kumulika kwa tochi. Pale paipu la chuma lilipotokeza ukutani palikuwa na kibano cha shaba, kimepauka, kimeshika waya mnene uliopanda hadi kwenye ubao wa fyuzi ukumbini.

"Wazee walikuwa na akili," alisema. "Huu ndio waya wa ardhi wa nyumba nzima. Umeme ukivuja kwenye chombo chochote, unashuka na waya huu mpaka kwenye paipu, paipu linaupeleka udongoni, mambo yameisha. Hakuna anayedhurika." Alikigonga kibano kwa kucha. "Lakini lazima paipu liwe chuma mpaka ardhini. Ni chuma lote hili?"

Alimwuliza mume, aliyekuwa ameegemea mlango na shati lake la kazini. Mama mkwe alikuwa nyuma yake na kikombe chake. Mke alikuwa pembeni na karai.

"Chuma tupu," mume alisema. "Mpaka barabarani."

Mke alitazama vumbi ndani ya karai.

Mwaka uliotangulia paipu lilipasuka uani. Mama mkwe alisisitiza liwekwe chuma kama la kwanza. Paipu za plastiki, alisema, ni mirija ya kunywea soda. Mume alisema sawa. Siku mama alipokwenda kumwona dada yake, mume alichimba mwenyewe, akakata chuma kilichooza kuanzia ukuta wa jikoni hadi kwenye mita, akaunganisha plastiki kwa gundi, akafukia, akasakafia juu kwa saruji. Aliyemshikia plastiki mpaka gundi ikauke ni mkewe. Mama aliporudi aliambiwa chuma chake kimerudi. Alikanyaga saruji mpya kwa kisigino, akamwita mwanawe dume la mbegu. Ulikuwa uongo mdogo, wa kutafuta amani, na nyumba nyingi husimama juu ya uongo wa namna hiyo bila kuanguka.

"Ningependa nipigilie fimbo ya shaba uani hata hivyo," fundi alisema. "Tusitegemee paipu."

"Uani pana saruji. Utavunja na hiyo? Mama ameshaulilia ukuta, sasa alilie na sakafu?"

"Ni shimo dogo tu, kaka. Na bei si kubwa."

"Ndugu yangu, nimekwambia chuma."

Fundi aliinua mikono yote miwili, kama mtu anayeachia mzigo wa watu. Mke alifungua mdomo. Mume wake alikuwa anamtazama. Mama mkwe pia. Kumkosoa mume mbele ya mafundi ni jambo moja. Kumkosoa mbele ya mama yake, kwa jambo ambalo mama mwenyewe hakulijua, lilikuwa lingine kabisa. Alifunga mdomo, akaenda kumwaga vumbi.

Jioni soketi zote zilikuwa ukutani, nyeupe, zimezungukwa na saruji mbichi kama vidonda vilivyofungwa bandeji. Fundi alichomeka taa ya kupimia katika kila moja. Iliwaka.

"Dobi," alisema, akikusanya zana, "sasa fua mpaka mji uishe nguo."

*

Mashine ilikuja juu ya mkokoteni. Ilikuwa imetumika kwingine kabla, pembe moja ina kutu, lakini ilizunguka bila kelele na ilikuwa na kipasha maji ndani yake. Mama mkwe aliizunguka mara moja.

"Hii ndiyo iliyoutoboa ukuta wangu?"

"Ndiyo hii, Mama."

"Hata haina aibu. Nyeupe hivyo."

Kazi ilitoka kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa barabara ya juu. Meneja wake alikuwa mwanamke aliyevaa miwani kwenye mnyororo, na alikagua shuka kwa kuzikunjua mezani, kuziinamia, na kuzinusa kama anayetafuta samaki. Wiki ya kwanza Dobi alifua kwa maji baridi ili kubana umeme. Meneja alikunja shuka moja taratibu, akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Dada, hii mgeni ataiona?"

"Ni kivuli cha doa tu, madam. Kimebaki kidogo."

"Mgeni halali na kivuli cha mtu mwingine." Alivaa miwani. "Shuka zangu nimezitoa kwa dobi mwenye duka, mwenye risiti, mwenye gari. Nimekupa wewe nafasi kwa sababu uliniomba. Usinifanye nionekane mjinga. Maji ya moto. Mwisho wa mwezi nikiridhika, nakupa shuka zote, na foronya, na taulo."

Dobi alisema asante. Njiani kurudi, furushi kichwani, aligundua kwamba amesema asante mara nyingi mno, na kila moja ilikuwa imepokewa bila kujibiwa.

Siku ile alibonyeza kitufe cha maji ya moto kwa mara ya kwanza.

*

Mtoto ndiye aliyesema mwanzo. Binti yao, ambaye wote walimwita Kidosho, alikuwa anaosha kikombe akaanza kucheka.

"Mama, bomba linanitekenya!"

"Acha mchezo, funga maji."

"Kweli! Njoo ushike."

Dobi alishika. Hakuhisi kitu. Siku iliyofuata, akiwa na mkato mdogo kwenye kidole alioupata kwa kopo, aligusa bomba na kuhisi kitu kama sisimizi wengi wakipita ndani ya nyama. Aliondoa mkono. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, taa yake nyekundu ya kupasha maji ikiwa imewaka. Alingoja. Taa ilipozimika aligusa tena. Bomba lilikuwa bomba.

Alisimama hapo na mkono uliolowa. Hakuwa msomi wa umeme, lakini maneno ya fundi aliyasikia yote, na paipu la plastiki alilishika kwa mikono yake. Umeme ulikuwa unavuja ndani ya mashine. Ulishuka na waya wa ardhi hadi kwenye kibano, kutoka kwenye kibano ukaingia kwenye paipu, na paipu lile halikwenda popote. Ulikuwa umefika mwisho wa njia, ukakaa ndani ya chuma chote cha nyumba, bomba la jikoni na bomba la bafuni, ukingoja mtu wa kuusindikiza hadi chini.

Alimpigia fundi simu akiwa uani. Fundi alikuwa mji mwingine, juu ya jengo. Upepo uliyakata maneno yake.

"Bomba linatekenya? Lile paipu ni chuma kweli mpaka ardhini?"

"Mume wangu ndiye anayejua," alisema.

Nyundo ya mtu ilisikika upande wa fundi.

"Sikia, dada yangu. Zima mashine. Isitumike hata kidogo. Mimi narudi mwisho wa mwezi, nitapigilia ile fimbo, kelele za mume wako nitazijibu mwenyewe."

"Na kama nikitumia kidogo tu? Maji ya vuguvugu?"

"Kitu kinachovuja hakiponi, dada. Leo kinatekenya. Kesho kinauma. Halafu kuna siku."

"Siku gani?"

"Mwenye kuvaa ndara na akasimama pakavu huenda akaponea. Asiye na ndara, sakafu imelowa, mimi sisemi kitu. Zima."

Mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ndipo meneja angeamua. Dobi aliitazama kamba uani, shuka nyeupe zimejipanga zikijaa upepo, na kwa mara ya kwanza zilionekana kama kitu chake. Kama angemwambia mume, mume angelazimika kumwambia mama kuhusu paipu, au angekataa katakata kwamba kuna shida yoyote. Kama angemwambia mama, mashine ingetoka siku hiyo hiyo, na mume asingemsamehe kwa kumvua nguo mbele ya mzazi wake. Kila mlango aliousukuma ulikuwa na mtu nyuma yake.

Jioni alirudi kutoka dukani na mfuko. Alipanga ndara kwenye mlango wa jikoni: za bluu za mume, za njano za Kidosho, za kijani zake mwenyewe.

"Kuna nini?" mume aliuliza. "Tumefungua hoteli?"

"Sakafu inateleza. Povu. Asiingie mtu jikoni bila ndara. Kidosho, umenisikia? Hata kwa dakika moja."

"Mbona mkali hivyo?" Mume alizivaa, akatembea huku na huko kama mwanamitindo, Kidosho akaanguka kwa kicheko. "Haya, madam Dobi. Na bafuni je?"

"Na bafuni."

Mama mkwe aliwatazama kutoka kwenye kiti chake. "Mimi sikununuliwa?"

Msimu wa mvua uliopita mama mkwe aliteleza na ndara, akavunjika mkono, na daktari alisema mzee huyu asivae tena viatu visivyoshika mguu. Aliyezitupa ndara zake kwenye pipa alikuwa mkamwana wake huyu huyu, kwa mapenzi. Tangu hapo mama alitembea peku ndani ya nyumba, na alikuwa haanguki.

"Daktari alikataa, Mama."

"Ah. Nilisahau kwamba nina daktari." Mama alinyoosha vidole vya miguu. "Nyayo zangu zinatosha. Zinaijua sakafu hii."

"Mama," Dobi alisema, na sauti yake ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka, "ukitaka maji usiende bombani. Niite, nitakuchotea."

Mama mkwe alirudisha miguu chini ya kiti.

"Sawa," alisema. "Jikoni pia nimeshatolewa."

*

Kwa siku kadhaa Dobi aliishi kwa sikio. Kila alipowasha mashine alihesabu waliomo ndani, nani yuko wapi na amevaa nini miguuni. Mtoto alipokuwa shule na mama mkwe amelala mchana, ndipo alipopasha maji. Alijaza ndoo mapema ili bomba lisiwe na kazi. Aliweka kipande cha mpira mbele ya sinki, mama mkwe akakiondoa kwa mguu kwa sababu kilimkwaza. Alikirudisha. Kikaondolewa tena.

Bomba nalo halikukaa lilivyokuwa. Sisimizi waligeuka kuwa siafu. Siku moja alilifunga kwa kijiko cha mbao, na kijiko kilipoteleza na kidole kikagusa chuma, mkono wake uliruka wenyewe ukagonga kabati. Alisimama akipumua. Kisha akakunja shuka, kwa sababu zilikuwa zimekauka.

Mama mkwe hakuwa mtu wa kuchotewa maji. Dobi alipokuwa uani akianika, kikongwe alikwenda bombani mwenyewe, na aliporudi alikuwa amekishika kiganja chake kwa mkono mwingine.

"Bomba langu limenipiga," alisema mezani usiku ule, bila kumtazama mtu.

Mume alikata mkate. "Mama, hata bomba umegombana nalo?"

"Nimesema limenipiga."

"Ni baridi yabisi hiyo. Mwaka jana ulisema kijiko ni kizito."

"Kijiko kilikuwa kizito. Hiki ni kitu kingine. Kimeingia hapa," akajigusa kiwiko, "kikatokea hapa." Akajigusa meno. "Tangu mlipoutoboa ukuta nyumba hii ina kitu."

"Kitu gani, Mama? Ukuta umekasirika?" Mume alimkonyeza mkewe. Alitaka acheke naye. Ndivyo walivyovumilia miaka yote, kwa kukonyezana. "Mwambie basi, Dobi. Wewe si ndiye unayeshinda huko jikoni? Bomba limekupiga?"

Kidosho aliacha kutafuna. "Mimi lilini..."

"Kula," mama yake alisema.

Kisha akamjibu mumewe. "Hapana," alisema. "Mimi halijanipiga."

Mama mkwe aliikunja leso yake ndogo, akaikunja tena, mpaka haikukunjika zaidi. Kuanzia siku hiyo aliizungushia mkononi kila alipogusa bomba. Majirani waliopita na kumwona walipata la kusema: mkamwana amemfanya kikongwe aogope hata maji ya nyumba yake.

*

Siku ya mwisho wa mwezi iliangukia Jumamosi. Fundi alituma ujumbe kwamba gari lao limeharibika, angefika Jumapili. Meneja alituma ujumbe kwamba angekuja mwenyewe mchana na gari, na kwamba angependa kuona shuka zote zikiwa zimepigwa pasi. Mzigo wa mwisho, taulo, ulikuwa bado ndani ya mashine. Dobi alisimama ukumbini mbele ya ubao wa pasi, chini kabisa ya swichi kuu ya umeme wa nyumba, na taa nyekundu ya mashine aliiona kupitia mlango wa jikoni. Mara moja tu, alijiambia. Mzigo mmoja, kisha naizima mpaka fundi afike.

Mume alikuwa nyumbani, na alikuwa na furaha ya mtu asiyevaa shati la kazini. Mama mkwe alitoka chumbani kwake na begi dogo, akaliweka katikati ya ukumbi.

"Nipeleke kwa dada yangu," alimwambia mwanawe.

"Kutembea?"

"Kukaa."

Mume aliangalia begi. "Mama, umeamka vibaya?"

"Nimeamka ninavyoamka siku zote, kwenye nyumba ambayo siwezi kunawa uso. Mmenipokonya ukuta, sawa. Mmenipokonya jikoni, sawa. Nasema bomba linanipiga, mnacheka. Wewe unacheka. Huyu mkeo hacheki, ananitazama tu kama anayemtazama mgonjwa. Afadhali angecheka." Alivuta pumzi. "Sijalia mbele yako tangu baba yako azikwe, na leo pia sitalia. Nipeleke."

Majirani wangesikia. Ndugu wangesikia. Karani wa ghala aliyemtoa mama yake kwenye nyumba ya mama yake. Dobi aliyaona hayo yote yakipita usoni mwa mumewe, moja baada ya jingine, na alijua yangeishia wapi kabla hayajaishia.

"Hakuna kitu kwenye lile bomba," mume alisema. "Njoo. Njoo uone kwa macho yako." Alimshika mama mkono, akampeleka mpaka mlango wa jikoni. Kidosho alifuata. "Mimi nitalishika mbele yako. Dakika nzima. Nikimaliza, begi linarudi chumbani. Tumekubaliana?"

"Wewe umevaa ndara," mama mkwe alisema.

"Ndara zinahusiana na nini?"

"Sijui. Najua ninyi wote mna ndara na bomba haliwapigi. Mimi sina."

Mume alicheka, akazipiga teke ndara za bluu, moja ikaenda chini ya meza. Akamwaga na kikombe cha maji sakafuni, akajisugulia nyayo humo, kwa mbwembwe, ili kusibaki neno.

"Haya. Peku kama wewe. Nimelowa kama wewe."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Dobi alikuwa na pasi mkononi. Neno moja lingetosha, *usishike*, na baada ya neno hilo yangefuata mengine yote, paipu, simu ya fundi, siku zote alizopasha maji akijua. Juu ya kichwa chake palikuwa na swichi kuu. Swichi haina maneno. Aliinua mkono akaivuta chini.

Mume alilishika bomba kwa mikono miwili.

Alisimama nalo hivyo, ameinua kidevu, kama mtu anayepigwa picha. Maji yaliyobaki ndani ya paipu yalidondoka tone moja moja.

"Umeona?" alisema. "Umeona, Mama? Bomba. Chuma. Basi."

Mama mkwe hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa amegeuza kichwa.

"Mbona mashine imenyamaza?"

"Umeme umekatika," Dobi alisema kutoka ukumbini.

Kupitia ukuta mnene wa mawe na chokaa, wote walisikia redio ya jirani ikisoma bei za mazao.

"Kwao haujakatika," Kidosho alisema.

Mume alichungulia ukumbini, mikono yake bado iko bombani. Alimwona mkewe amesimama chini ya ubao wa fyuzi na mkono juu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Alitabasamu, kwa kuwa alikuwa bado hajaelewa.

"Umezima wewe? Unanifanyia mzaha? Washa, bwana. Mama atasema nimemdanganya."

Hakuwasha.

"Washa, nimesema."

"Toa mikono kwanza," alisema.

Tabasamu lilibaki usoni mwa mume kwa muda, halina kazi. "Nini? Hiki ni chuma. Umeme ukivuja unashuka na paipu mpaka..." Hapo akakwama. Macho yake yalipita dirishani, yakatua uani, kwenye ule mstari wa saruji mpya kati ya ukuta na mita. Aliviachia vidole kimoja kimoja, polepole, kama anayeachia kamba ya mbwa asiyemjua. Akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kabati.

Nje, gari lilisimama. Honi ililia mara moja, kwa adabu, kisha mara ya pili.

Mama mkwe alikuwa ameitoa leso yake na kuishika bila kuifunga mkononi. Alipita katikati ya mwanawe na mjukuu wake, akaja mpaka ukumbini, akasimama mbele ya mkamwana wake. Hakupandisha sauti.

"Tangu lini, mwanangu?"

Dobi alishusha mkono kutoka kwenye swichi. Angeweza kutaja siku. Aliijua.

"Tangu nilipowanunulia ndara," alisema.

Mama mkwe aliitazama miguu yake mwenyewe, iliyo peku.